Ukuta wa Nyuma: Mambo ya Nyumba Yetu ya Udongo

Sisi tunakaa Muze, huku bondeni. Wengi wenu mnaosoma gazeti hili mnakaa katika nyumba za udongo kama sisi. Mmezaliwa humo, mmelea watoto humo, mmezika wazee waliotoka humo. Lakini ni mara chache mtu anakaa kitako na kujiuliza: hivi nyumba hii inasimamaje? Na ikianguka, inaanguka kwa sababu gani?

Sisi hatukujiuliza mpaka masika iliyopita, siku tuliyoona ukuta wa nyuma umetoa tumbo. Ukuta uliokuwa umenyooka sasa umevimba katikati, na ufa umetoka dirishani hadi chini, mtu anaweza kuingiza kidole. Ndani ya ukuta huo wanalala watoto watatu. Ndiyo sababu tunaandika habari hii. Yaliyotupata huenda yako mlangoni kwako pia.

Kwanza tueleze mahali. Muze iko chini ya milima ya Lyamba lya Mfipa, katika Bonde la Ziwa Rukwa. Ukitoka Sumbawanga mjini unapita Ntendo, halafu unaanza kuteremka. Sumbawanga iko juu, kama mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Ziwa Rukwa liko kama mita 800. Basi mtu anayeshuka huku anashuka karibu kilometa moja nzima kwenda chini. Kule juu mwezi wa Juni watu wanavaa makoti mchana. Huku kwetu mwezi wa Oktoba hata mbwa anatafuta kivuli cha mtungi. Kwa hiyo nyumba inayofaa juu si lazima ifae chini. Mambo hayo babu aliyajua, ingawa hakusoma darasa lolote.

Babu alijenga nyumba hii mwaka 1974. Wazee wanaukumbuka mwaka huo. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji sasa ni amri, na kwamba kufikia mwisho wa mwaka 1976 watu wote wawe wamehamia vijijini. Ikaja Operesheni. Mkoa wetu wa Rukwa nao ulianzishwa mwaka huo wa 1974. Watu walihama na mizigo kichwani, wengine walijenga vibanda vya haraka haraka. Babu alikataa haraka. Bibi anasema walilala chini ya mwembe majuma mengi, kwa sababu mume wake alikuwa anasomba mawe ya msingi kutoka mlimani.

Nyumba yenyewe ilikuwa hivi. Msingi wa mawe, umepanda juu ya ardhi kiasi cha kufika gotini. Kuta za matofali mabichi, yaani yaliyokaushwa kwa jua bila kuchomwa, na unene wa ukuta ni mkono mzima kutoka kiwiko mpaka ncha ya vidole. Nguzo za mninga, maana mchwa hawaupendi. Paa la nyasi lililosimama sana, si la kulala. Na upenu mpana: nyasi zilitoka nje ya ukuta karibu hatua moja ya mtu mzima, zikishikwa na nguzo, na chini yake ndiyo baraza. Vyumba vinne. Jiko nje.

Maisha ya nyumba ya zamani yana kazi zake, na kazi hizo haziishi. Alfajiri bibi anafagia baraza kabla kuku hawajashuka. Jumamosi wanawake wanasiriba sakafu kwa udongo na mavi ya ng'ombe. Zamani mavi ya ng'ombe yalikuwa ya kutafuta. Siku hizi jirani zetu Wasukuma wana mifugo mingi, tunajichotea. Baada ya mavuno panya wanafuata mahindi, na nyoka anawafuata panya. Mbuzi anakuja kujikuna kwenye kona ya nyumba, kila siku kona ile ile, mpaka tofali linalika. Watoto wanachimba ukuta kwa vijiti. Na tuseme ukweli, hata watu wazima wanaula: mama mjamzito akipita karibu na ukuta uliolowa mvua, ile harufu inamshinda, anabanyua kidogo anatia mdomoni. Bwana afya anakataza kwa sababu ya minyoo, lakini alama za vidole tunaziona.

Kila mwaka kiangazi babu alizunguka nyumba na karai la udongo akiziba. Palipolika pakarudishiwa. Alipofariki, karai lilikaa stoo likashika kutu. Hapo ndipo kosa la kwanza.

KOSA LETU LILIKUWA BATI

Miaka mitano iliyopita tulipata ufuta mzuri. Tukasema sasa tuache nyasi, tuezeke bati. Nani asiyetaka bati? Halivuji, halishiki moto kama nyasi, na ukifika mgeni anajua hapa pana watu. Bibi alinung'unika, tukamwona anapenda ya kale.

Bati lenyewe halina kosa. Kosa ni jinsi tulivyoliweka. Mabati hayakutosha, basi fundi kijana tuliyemwita akasema upenu wa shibiri moja unatosha. Tukakata nguzo za baraza ya nyuma. Halafu, ili nyumba ipendeze, tukapiga lipu ya saruji kwenye ukuta, kuanzia chini mpaka kiunoni. Mwisho tukahamisha bafu la nje, tukaliweka nyuma ya chumba cha watoto ili maji yawe karibu.

Mambo matatu. Kila moja tuliliona ni maendeleo. Yote matatu yalimwaga maji kwenye mguu wa ukuta mmoja.

Ili uelewe, fanya jaribio hili nyumbani. Chukua kipande cha tofali bichi lililokauka vizuri. Kigonge: ni kigumu, kinaweza kubeba mtu. Sasa kiweke ndani ya beseni la maji ukanywe uji. Ukirudi utakuta tope. Chukua kipande cha tofali la kuchoma, ukiweke vile vile. Hata kesho utakikuta kizima. Moto mkali wa tanuri umebadilisha udongo, hauwezi tena kurudi kuwa tope. Tofali bichi halijabadilika. Ni tope lililokauka tu, linangoja maji lirudi lilikotoka. Likiwa kavu lina nguvu. Likiwa na unyevu nguvu inapungua, na likilowa haswa haliwezi kujibeba lenyewe, sembuse paa.

Lakini maji yanapandaje ukutani, wakati maji kazi yake ni kushuka? Tazama kibatari. Mafuta yako chini, lakini utambi unayavuta mpaka juu kwenye moto. Ukuta wa udongo ni utambi. Ukisimama mahali penye maji, unayavuta juu, shibiri moja, mbili, tatu. Ndiyo maana babu alisomba mawe. Jiwe zito halivuti maji kama udongo. Jiwe lilikata utambi.

Sasa tazama sisi. Upenu mpana wa nyasi ulikuwa unadondosha maji mbali. Upenu wetu wa shibiri moja unayadondosha karibu kabisa na ukuta, na bati linayashusha kwa kasi, yanachimba shimo na kurusha matope ukutani. Tope hilo likajaa mwaka hadi mwaka, likafunika mawe ya msingi. Utambi ukaunganishwa tena. Maji ya bafu yakaongezea hata kiangazi, wakati ambapo ukuta ungepaswa kupumzika na kukauka.

Na ile saruji? Hapa ndipo watu wengi wanabisha, kwa sababu wamezoea kuona saruji ni nguvu. Ni kweli saruji ni ngumu. Lakini udongo ukilowa unavimba kidogo na ukikauka unanywea. Saruji haivimbi wala hainywei pamoja nao. Basi inapasuka nyufa nyembamba kama unywele, maji yanaingia kwa nyuma, na yakiisha kuingia hayana njia ya kutoka. Lipu ya udongo ingeyaacha yatoke kama mvuke, jua likiwaka. Saruji inayafungia ndani kama mfuniko wa sufuria. Kwa nje tuliona ukuta mzuri wa kijivu. Kwa ndani tofali lilikuwa linageuka uji.

FUNDI MZEE

Ukuta ulipotoa tumbo familia iligawanyika. Wengine tulisema tuvunje nyumba yote, tuuze ng'ombe, tujenge ya tofali la kuchoma. Shemeji akasema bora bibi apelekwe kwa binti yake Mtowisa mpaka kazi iishe. Bibi akasikia. Akasema, "Nyumba hii nilipewa na mume wangu. Mtanitoa mkinibeba, na nitakuwa siwajui." Hakuna aliyejibu.

Tukamtafuta fundi wa zamani, mzee aliyejenga nyumba nyingi za hapa. Alifika asubuhi.

"Hodi wenyewe."

"Karibu, baba."

"Shikamoo mama," akamwambia bibi.

"Marahaba mwanangu. Za kwako? Umekuja kunibomolea?"

Yule mzee akacheka, hakujibu. Alizunguka nyumba bila haraka. Akagonga ukuta kwa ukucha kuanzia juu kwenda chini. Juu ulilia ko ko ko. Chini ulilia bu bu bu. Akachomeka msumari kwenye ufa wa saruji, ukaingia wote kama kwenye muhogo uliooza. Akatundika uzi wenye jiwe, ndiyo timazi yake, akapima tumbo lilivyotoka. Akaenda kusimama bafuni, akatazama maji yanakokwenda. Kisha akaja kukaa barazani.

"Mama, nyumba yako haiumwi," akasema. "Inanyweshwa maji kwa nguvu."

"Niliwaambia," bibi akasema. "Wakasema mimi mshamba."

Alituambia kuta tatu ni nzima, zitaishi kuliko sisi. Ukuta mmoja ndio wa kubomoa, na si wote, ni sehemu iliyolowa. Lakini watoto wasilale tena chumba kile hata usiku mmoja. Ukuta uliolowa hauangukii mchana watu wakiutazama. Unaangukia usiku wa mvua, na mara nyingi hata asubuhi baada ya mvua kwisha, maana uzito wa maji umo ndani bado.

Watoto wakahamia stoo siku hiyo hiyo, wakalala chini kwenye mkeka. Tuliona tumewaokoa. Kumbe tumewatoa mdomoni mwa simba tukawapeleka kwa mdudu mdogo kuliko punje ya harage.

PAPASI

Baada ya kama wiki mbili mtoto wa pili alishikwa na homa kali, kichwa na viungo vinamuuma, anatapika. Siku ya nne homa ikaacha yenyewe, akaamka anacheza. Tukashukuru. Baada ya wiki hivi ikarudi vile vile. Tukampeleka kutibiwa. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Mganga akauliza, "Mtoto analala wapi?" Tukasema stoo, chini. Akachukua tone la damu akaliangalia kwenye darubini, akakuta vijidudu vyembamba vilivyojisokota kama uzi uliokatika. Ilikuwa homa ya papasi.

Papasi wengine mnamjua. Ni jamii ya kupe, lakini tabia zake si za kupe wa ng'ombe. Kupe wa ng'ombe anang'ang'ania mwilini siku nyingi. Papasi hakai mwilini. Mchana amejificha katika nyufa za ukuta na vumbi la sakafu. Usiku mtu akilala anatoka, ananyonya nusu saa hivi, anashiba, anarudi kwenye ufa wake. Asubuhi humwoni. Rangi yake ni ya udongo, ngozi yake imekunjamana kama ya mfuko wa zamani, na ukimtazama kwa juu huoni kichwa, kimejificha chini. Jambo la kutisha ni uvumilivu wake. Anaweza kukaa bila kula miaka kadhaa akikungoja. Nyumba au stoo iliyohamwa siku nyingi, usidhani wameondoka.

Wataalamu walimjua siku nyingi. Mwaka 1905 Daktari Robert Koch, Mjerumani, alikuja kuchunguza papasi katika nchi yetu, wakati ule ikiwa chini ya Wajerumani. Alikuta papasi jike anapitisha vijidudu vya homa kwenye mayai yake, kwa hiyo watoto wake wanazaliwa tayari wana ugonjwa. Mwaka huo huo daktari Mwingereza, Joseph Dutton, aliyekuwa anachunguza homa hiyo hiyo huko Kongo, aliugua na kufa Kasongo. Vijidudu hivyo vinaitwa kwa jina lake mpaka leo. Hapa kwetu Tanzania, watu wa Mvumi katika Mkoa wa Dodoma wameusumbukia sana ugonjwa huu, na madaktari wameuchunguza huko miaka mingi.

Homa ya papasi inatibika kwa dawa za antibayotiki. Lakini usizinunue dukani ukajinywea nyumbani. Saa chache baada ya dozi ya kwanza, vijidudu vikifa kwa wingi, homa inaweza kupanda ghafla na mgonjwa akatetemeka sana, na inatakiwa awepo mganga wa kumwangalia. Na mama mjamzito awahi kuliko wote, kwa sababu homa hii inatoa mimba na inaua watoto wachanga. Mtoto wetu alipona. Tulikaa naye kituoni siku mbili.

Sasa angalia jinsi mambo yanavyoshikana. Papasi anataka ufa. Ukuta laini uliokandikwa vizuri na sakafu iliyosiribwa kila wiki havimpi pa kukaa. Ile kazi ya Jumamosi ya wanawake, ambayo wanaume tunaiona ni urembo, ni kinga. Stoo yetu haikusiribwa tangu babu afe. Tuliziba nyufa zote, tukamwaga sakafu mpya ya udongo iliyoshindiliwa, tukatengeneza kitanda cha miti, tukakitenga na ukuta, na chandarua tukakichomeka chini ya godoro pande zote. Chandarua si cha mbu tu.

Tukitaja mbu tuseme jambo moja na kupita. Mbu wa malaria wengi wanaingia kwa ule uwazi kati ya ukuta na paa. Nyumba za nyasi zina uwazi huo, na wengi tunaoezeka bati tunauacha vile vile. Ukiuziba kwa udongo mbu wanapungua, lakini basi tengeneza madirisha na uyawekee wavu, la sivyo mtapikwa humo ndani. Bati la saa nane mchana huku bondeni si mchezo. Ukuta mnene wa udongo unakawia kupata joto, ndiyo maana chumba cha bibi, chenye dari la miti na udongo lililoachwa na babu, ni baridi kuliko vyumba vyetu vyote. Sasa mchana tunajisogeza kwake tukisingizia kumsalimia.

Na moshi. Zamani moshi ulisaidia paa la nyasi. Wadudu hawakai kwenye moshi. Lakini mapafu ya watu si nyasi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa kupikia na hewa chafu ya majumbani viliua watu milioni 3.2 duniani, wakiwemo watoto wadogo wengi. Anayepikia ndani chini ya bati, ambalo halipitishi moshi kama nyasi, afikirie kuhamishia jiko nje.

WENZETU NAO

Mtu atasema, udongo ni umaskini, tuachane nao. Si hivyo. Uingereza, katika jimbo la Devon, kuna nyumba za udongo zenye umri wa mamia ya miaka, na watu wanakaa humo hadi leo. Magharibi ya Wales vijijini pia zipo nyumba kuukuu za kuta za udongo uliochanganywa na majani makavu, na kule mvua inanyesha karibu mwaka mzima. Mafundi wa kule wanailinganisha nyumba ya udongo na mtu: mpe kofia na viatu, hatadhurika. Kofia ni paa lenye upenu, viatu ni msingi wa mawe. Babu yetu hakuwahi kufika huko, lakini alijenga hivyo hivyo.

Yemen uko mji unaitwa Shibam, una nyumba za matofali mabichi zenye ghorofa tano, sita, mpaka saba, nyingi zilianza kujengwa karne ya 16. Zimesimama kwa sababu kule ni jangwa na kwa sababu watu wanazikandika kila mara. Mwaka 2008 mafuriko yalipopita, nyumba zikaharibika. Mali, Afrika Magharibi, msikiti mkubwa wa Djenné uliojengwa mwaka 1907 ni wa udongo mtupu. Kila mwaka wananchi wa mji wanakusanyika na kuukandika upya. Kazi ya karai la babu, ila wao wanaifanya mji mzima.

Kuna jambo moja la huku kwetu tusilisahau, nalo ni tetemeko. Tunakaa ndani ya Bonde la Ufa. Tarehe 13 Desemba 1910 eneo letu la Rukwa lilipigwa na tetemeko kubwa mno, la kipimo cha kama 7.4, ambalo ni moja ya makubwa kabisa yaliyopimwa Afrika katika karne ile. Juzi juzi tu, tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la Kagera, dogo kuliko hilo, liliua watu 17 na kubomoa nyumba kwa maelfu. Ukuta wa udongo ni mzito na haujui kupinda. Unaachana kwenye kona kwanza. Fundi mzee alipojenga upya ukuta wetu alilaza miti mirefu ndani ya ukuta, juu ya madirisha, ikapita kwenye kona na kufungwa na miti ya ukuta wa pili, kama mkanda wa suruali. Alisema hauzuii kila kitu, lakini kona hazitaachana upesi.

KAZI YENYEWE

Tulingoja kiangazi. Ukuta uliolowa haujengwi wakati wa mvua, unaegemezwa tu. Tuliuegemeza kwa miti minne, na bati tukalishikilia kwa nguzo kutoka ndani. Mwezi wa Juni tulifyatua matofali, tukayaacha yakauke karibu mwezi mzima, tukiyageuza. Tulichoma machache tu, ya mistari mitano ya chini. Kuchoma yote kungekula miti mingi, na milima yetu imeshakuwa na vipara.

Tulibomoa sehemu mbovu kutoka juu kwenda chini, kwa mikono, si kwa sururu, ili tusitikise kuta nzima. Tulichimbua matope mpaka mawe ya babu yakaonekana tena. Yalikuwa mazima, hata moja halikusogea. Juu yake yakaja matofali ya kuchoma, halafu mabichi. Saruji yote ya upande ule tuliibandua. Ilibanduka kwa vipande vikubwa, na nyuma yake palikuwa na unyevu hata mwezi wa Julai.

Lipu tulifanya ya udongo. Hapa fundi alitufundisha kupima udongo kwa chupa. Weka udongo nusu ya chupa nyeupe, ongeza maji, tikisa sana, acha mpaka kesho. Mchanga unakaa chini, udongo laini unakaa juu. Laini ukiwa mwingi mno lipu itapasuka, ongeza mchanga. Mchanga ukizidi lipu itamwagika kama unga, ongeza udongo wa kichuguu. Tulichanganya na nyasi zilizokatwakatwa na mavi ya ng'ombe, tukaacha rundo livunde siku kadhaa, tukikanyaga kila jioni. Watoto waliipenda kazi hiyo kuliko zote. Tulikandika mara mbili: ya kwanza nene, ikakauka ikapasuka pasuka, ya pili nyembamba ya kuziba.

Bafu tulilihamisha hatua kumi upande wa chini wa kiwanja. Tulichimba mfereji nyuma ya nyumba wa kupeleka maji kwenye migomba. Upenu je? Bati la kuongeza hatukuwa nalo. Fundi akasema, "Nyasi mmezisahau?" Basi tukasimamisha nguzo tena, tukaezeka upenu wa nyasi chini ya bati, hatua moja nzima. Unaonekana kama mtu aliyevaa kofia mbili. Wapita njia wanacheka, nasi tunacheka nao.

Gharama yote ilikuwa mbuzi wawili na nguvu zetu. Ng'ombe hatukuuza.

Ndugu msomaji, leo jioni zunguka nyumba yako. Tazama maji ya paa yanadondokea wapi. Tafuta mawe ya msingi, kama yanaonekana au yamefunikwa. Gonga ukuta kwa ukucha, juu na chini, usikilize. Tazama maji ya bafu na ya vyombo yanakokwenda. Chomeka msumari palipo na ufa wa saruji. Haikuchukui hata robo saa.

Mvua ya kwanza ilikuja usiku, mwanzoni mwa Novemba. Ilikuwa ya upepo, bati likapiga kelele hata hatusikiani. Tulitoka na tochi kwenda nyuma, tukamkuta bibi keshatangulia, amejifunika kitenge kichwani. Katika sanduku lake ana kitabu cha kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ndicho alichojifunzia kusoma, na mchana ule alikuwa anakisoma tena sehemu ya maji machafu. Maji yalikuwa yanadondoka mbali, yanaingia mferejini, yanakwenda migombani. Bibi akainama akaweka kiganja kwenye mguu wa ukuta. Ulikuwa mkavu.

Halafu akatuuliza habari ya upande wa mbele, ambako bati bado ni fupi na saruji bado ipo. Tulimwambia tunangoja mpunga uvunwe.